Aliuawa na Nani? Riwaya ya Upelelezi katika Kivuli cha Vita

Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale nilikokulia, kuna sentensi ambayo nimeisikia tangu utotoni. Ukimuuliza mtu mume wake au kaka yake alikufaje, atakujibu, "Vita ilimuua," kisha mazungumzo yatahamia kwenye mvua au bei ya maharage. Nilipofika chuoni Mbarara niliitumia sentensi hiyo katika zoezi la sarufi. Mhadhiri aliikata kwa wino mwekundu. Nomino "vita" imo katika ngeli ya KI-VI, kwa hiyo sharti tuseme "vita vilimuua". Alikuwa sahihi, na sisi tuliotoka Kongo tumezoea kusahihishwa upatanisho wetu. Hata hivyo, niliporudi bwenini nilijiuliza swali ambalo wino ule haukuligusa. Je, vita vinaweza kumuua mtu? Vita havina mikono. Havishiki panga, havifyatui risasi, havichomi nyumba. Anayefanya hayo ni mtu, na mtu huyo ana jina.

Nina sababu ya kuuliza. Baba yangu mkubwa aliuawa Kivu Kusini mwaka 1998, kabla sijazaliwa. Huo ndio mwaka vilipoanza vita vilivyodumu hadi 2003 na kuyaingiza majeshi ya nchi nyingi za Afrika, hata waandishi kadhaa wakaviita vita vya dunia vya Afrika. Nyumbani kwetu yeye pia "vita ilimuua". Lakini mama aliwahi kuniambia kwamba katika makazi yetu, upande wa pili wa soko, anaishi mzee mmoja aliyekuwa katika barabara ile siku ile. Akamalizia, "Usimuulize, mwanangu." Insha hii ni jaribio la kufikiri kama nimuulize au nisimuulize. Msaada nimeutafuta mahali ambapo huenda baadhi ya wasomaji wataona hapafai kwa jambo zito kama hili, yaani katika riwaya za upelelezi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamjua mpelelezi kupitia Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta kwetu Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Maiti inapatikana mzimuni, mahali ambapo watu wako tayari kuamini lolote. Bwana Msa hakubali kuishia hapo. Kwake mzimu hauui; anayeua ni binadamu mwenye sababu, chombo na nafasi. Nikiliweka somo hilo kando ya sentensi ya Kashojwa, naona kwamba kwetu neno "vita" limechukua nafasi ya mzimu. Ni jina tunalolipa lile tusiloweza, au tusilotaka, kulitazama.

Lakini Unguja ya Bwana Msa ni tulivu, na maiti moja inatosha kuushtua mji mzima. Ipo aina nyingine ya riwaya ya upelelezi, ile ya kihistoria, ambayo humweka mpelelezi katika kivuli cha vita vya dunia. Kuanzia mwaka 2003 Jacqueline Winspear aliandika mfululizo kuhusu Maisie Dobbs, aliyekuwa muuguzi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na baadaye akawa mpelelezi London. Philip Kerr, aliyefariki mwaka 2018, alimbuni Bernie Gunther, mpelelezi wa Berlin. Katika riwaya ya kwanza ya mfululizo huo, March Violets ya mwaka 1989, tuko Berlin ya mwaka 1936. Hitler anatawala, watu wanatoweka kila siku, na Gunther anahangaika na vifo vya watu wawili tu. Serikali inayomzunguka ndiyo muuaji mkubwa kuliko wote, nayo haichunguzwi na mtu.

Hapo ndipo swali la kimaadili linapozuka. Kuna maana gani kumtafuta aliyemuua mmoja wakati maelfu wanauawa? Mwenzangu mmoja bwenini hakuona maana yoyote. Alisema mpelelezi wa namna hiyo ni kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea huku nyumba inaungua. Akaongeza kwamba riwaya hizi zina hatari zaidi ya upuuzi, kwa sababu zinamfariji msomaji kwa uongo. Katika sura ya mwisho muuaji anajulikana, msomaji anafunga kitabu akiwa ameridhika, kana kwamba vita navyo vimepata jibu.

Hoja hiyo ina uzito, na sehemu yake ya pili nitairudia. Lakini sehemu ya kwanza naona imegeuza mambo. Waliokufa wanapokuwa wengi, wingi wenyewe huwa maficho. Kila muuaji anaweza kujificha nyuma ya idadi, na baada ya miaka kumi akasema, "Wakati ule kulikuwa na vita." Hakuna watu elfu kumi waliowahi kuuawa kwa mara moja na mkono usio wa mtu. Hata bomu lina aliyeliagiza na aliyeliachia. Aliyeshindwa kuuliza nani alimuua mmoja hana njia ya kufikia swali la nani aliwaua elfu kumi, kwa sababu hao elfu kumi ni mmoja, na mmoja, na mmoja.

Sarufi yetu inaonyesha jambo hili vizuri. Katika kauli ya kutendwa tunaweza kusema "aliuawa" na sentensi ikawa kamili. Hakuna mwalimu atakayeikata. Mtenda anaweza kuachwa nje kabisa, au kuongezwa kwa neno dogo "na": aliuawa na fulani. Kazi yote ya mpelelezi, kuanzia kwa Bwana Msa hadi kwa Gunther, ni kuongeza neno hilo na kinachofuata. Nasi katika Kashojwa, tunapolazimika kumtaja mtenda, tunaiweka "vita" mahali pake, na sentensi inaonekana imekamilika wakati haijakamilika.

Hata hivyo, kuna swali la pili ambalo riwaya za upelelezi mara nyingi hulipita kimya: ni nani anayestahili kuchunguziwa kifo chake? Afrika Mashariki ina kisa halisi kinachoweza kutujibu. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll, mkabaila wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi ya kijeshi Nairobi, alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen akiwa amepigwa risasi kichwani. Polisi walichunguza, na Sir Jock Delves Broughton akashtakiwa. Mwezi Julai mwaka huohuo aliachiwa huru, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Kisa hicho kimeandikiwa vitabu vingi. Kimojawapo ni White Mischief cha James Fox, cha mwaka 1982, kilichofuatiwa na filamu mwaka 1987. Waliolikuta gari walikuwa Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa, na katika masimulizi mengi wanatajwa kwa kazi yao tu. Majuma yaleyale, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wakipigana na Waitaliano kaskazini. Wao walikufa bila mpelelezi.

Tukirudi nyuma hadi vita vya 1914 hadi 1918, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walipopigana katika ardhi yetu, mizigo yao ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Wabelgiji nao waliteka Tabora mwezi Septemba 1916 wakiwa na askari na wapagazi kutoka Kongo. Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia upande wa Waingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wazee wetu wana methali kwa hali kama hii: wapiganapo tembo nyasi huumia. Nimeitumia mara nyingi katika insha za sekondari. Sasa naiona kwa jicho jingine. Methali hiyo inawahurumia wanyonge, lakini pia inawageuza kuwa nyasi, na hakuna anayeuliza ni jani lipi lililokanyagwa. Tembo naye hana hatia, maana ni mnyama na kukanyaga ni tabia yake. Lakini aliyeamua kwamba mpagazi abebe mzigo ule kwa chakula kile hakuwa tembo. Alikuwa ofisa mwenye kalamu, na uamuzi wake uliandikwa mahali. Kifo cha mpagazi kwa kuhara kinaweza kuulizwa "na nani?" sawa na kifo cha mkabaila ndani ya gari.

Kwa hiyo swali la mpelelezi ni jema iwapo linaulizwa kwa wote. Lakini hata hapo hatujamaliza, kwa kuwa lazima tumtazame anayeuliza. Katika riwaya yake A Man Without Breath ya mwaka 2013, Kerr anampeleka Gunther karibu na Smolensk mwaka 1943, katika msitu wa Katyn. Tukio lenyewe ni la kweli. Mwaka 1940 polisi wa siri wa Kisovieti waliwaua Wapolandi wapatao 22,000, wengi wao maofisa wa jeshi na wa polisi, na Katyn ni mojawapo ya mahali walipozikwa. Wajerumani walipoyagundua makaburi hayo waliyatangazia dunia mwezi Aprili 1943. Walifukua maiti, wakaita wataalamu na kuandika ripoti. Walichosema juu ya muuaji kilikuwa kweli. Lakini waliokuwa wakisema hivyo ndio waliokuwa wakati huohuo wakiwaua Wayahudi kwa mamilioni. Serikali ya Kisovieti nayo ilikana hadi mwaka 1990. Ukweli uliotafutwa ili kumwaibisha adui, huku mtafutaji akificha wake, ni ukweli bado, lakini hauwezi kuitwa haki.

Jambo hili haliko mbali na Uganda kama linavyoonekana. Wapolandi wengine waliofukuzwa makwao na Wasovieti walipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 maelfu yao, hasa wanawake na watoto, walipewa hifadhi hapa Uganda, Nyabyeya katika Masindi na Koja kando ya Ziwa Victoria. Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Hivyo kabla yetu, na kabla ya Wanyarwanda waliotutangulia Nakivale, walikuwapo Wazungu waliokaa katika kambi za Uganda wakisubiri habari za watu wao. Nyabyeya bado kuna kanisa walilojenga na makaburi waliyoyaacha. Nadhani nao walijua uzito wa kuishi miaka mingi na swali lisilo na jibu.

Sasa nirudi Kashojwa, kwa maana hapo ndipo hoja yangu inapopata upinzani mkali zaidi. Mpelelezi wa riwayani humaliza kazi yake akaondoka. Sisi hatuondoki. Katika makazi yetu wanaishi Wakongomani, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na wengineo, na miongoni mwa watu wa taifa moja wamo waliokimbia pande tofauti za vita vilevile. Bombani watu wanapanga madumu kwa foleni moja. Mtu anaweza kuchota maji baada ya yule ambaye kaka yake alichoma kijiji chao, na wote wawili wakasalimiana. Amani hiyo imejengwa kwa kutouliza. Tuna methali zake: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na nyingine iliyo kali zaidi, funika kombe mwanaharamu apite. Zamani nilidhani huo ni woga. Siku hizi naona kuna hekima ndani yake, kwa sababu swali moja lililoulizwa vibaya linaweza kuwasha moto ambao muulizaji hatakuwapo kuuzima.

Kuna jambo jingine ambalo mkimbizi yeyote atalielewa. Sisi tumeshahojiwa. Kila mtu mzima niliyemjua utotoni aliwahi kukaa mbele ya meza na kuulizwa alikuwa wapi usiku ule, nani alikuwapo, ilikuwa saa ngapi, na kwa nini safari hii ametaja Jumanne wakati mara ya kwanza alitaja Jumatano. Maswali hayo yana sababu zake na anayeyauliza ana kazi yake. Lakini yanafanana mno na maswali ambayo mpelelezi humwuliza mshukiwa. Mtu aliyepoteza kila kitu hujikuta akijitetea. Ndiyo maana nilipomsikia mama akisema "Usimuulize", sikusikia woga tu. Nilisikia pia ombi kwamba tusimfanyie mzee yule jambo ambalo sisi wenyewe tumefanyiwa.

Je, basi tuache kabisa? Hapo msaada niliupata katika maisha ya mtu ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili angefaa kumjua. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumika pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin na kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Dai lake lilikataliwa. Alibaki huko, akafanya kazi hotelini, akaigiza katika filamu, na akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa mwezi Novemba 1944. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alikusanya nyaraka na kuandika maisha yake. Mwaka 2007 kijiwe kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa njiani mbele ya mahali alipokuwa akiishi Berlin.

Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, ameandika juu ya maisha yanayokaribiana na hayo. Ilyas anakwenda vitani upande wa Wajerumani na harudi. Mwishoni kijana wa dada yake, aliyepewa jina hilohilo, ndiye anayefuatilia habari zake hadi Ujerumani na kugundua kwamba mjomba wake alifia Sachsenhausen. Riwaya hiyo haiwekwi katika kundi la riwaya za upelelezi, lakini mimi nayaona mwisho wake kuwa ni upelelezi wa aina bora. Kijana hamkamati mtu wala hamwaibishi mtu. Anachofanya ni kuwapa waliobaki sentensi iliyokamilika zaidi kuliko ile waliyokuwa nayo: mahali, mwaka, na serikali iliyofanya hivyo. Hapa pia ndipo ninapolijibu shtaka la pili la mwenzangu. Riwaya inayofariji kwa uongo ni ile inayodai kwamba muuaji akijulikana kila kitu kimepona. Afterlives haidai hivyo. Kujua hakumrudishi Ilyas, na waliomsubiri wamekwisha kuzeeka.

Kwa hiyo naona pana tofauti kati ya namna mbili za kuuliza. Ya kwanza huuliza ili kufunga jalada au kumshinda mtu. Ya pili huuliza ili marehemu asibaki nyasi. Ya kwanza inamlazimisha anayeulizwa. Ya pili inamwachia haki ya kunyamaza, na pia haizuii mahakama kufanya kazi yake siku itakapofika. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti kuhusu Kongo iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ripoti inataja majeshi na makundi, lakini majina ya washukiwa hayakuchapishwa. Kwa lugha ya sarufi, Umoja wa Mataifa uliandika "na" na nusu ya kinachofuata. Nusu nyingine inasubiri.

Nimeamua hivi. Likizo ijayo nitavuka soko niende kwa yule mzee. Nitamsalimu, nitamwambia mimi ni mtoto wa nani, na siku hiyo sitamuuliza kitu. Akitaka kusema, nitasikiliza hadi mwisho, hata kama atakachokisema kitakuwa juu yake mwenyewe. Asipotaka, nitamwamkia tena kila nitakapopita. Mama nimemweleza mpango huo; amenyamaza, lakini hajanikataza.

Katika daftari langu nimeandika jina la baba mkubwa, mahali na mwaka. Chini yake nimeandika "aliuawa na", kisha nikaacha mstari mtupu. Huenda utabaki hivyo maisha yangu yote. Lakini pale sitaandika "vita".